Mtunze mbwa wako kuanzia nyayo

Ndugu msomaji, mbwa ni mlinzi asiyedai mshahara wala likizo. Katika kaya nyingi za Mwanza, kuanzia Igoma na Buhongwa hadi Bwiru na Pasiansi, na kwenye mialo ya wavuvi ya Ukerewe na Sengerema, yeye ndiye anayekesha wenye nyumba wakiwa wamelala. Hata hivyo, mlinzi huyu hukumbukwa zaidi anapobweka kuliko anapougua. Akichechemea, husemwa kwamba amekanyaga mwiba na utatoka wenyewe. Akilamba mguu mmoja usiku kucha, husemwa kwamba ndiyo desturi ya mbwa. Siku anaposhindwa kusimama ndipo wenyewe hushtuka, na mara nyingi wakati huo vidole vyake vimekwisha kuvimba na kutoa usaha.

Leo tungependa kuzungumzia nyayo na kucha za mbwa, na namna ya kuzitunza nyumbani bila gharama kubwa. Zipo sababu mbili za kufanya hivyo. Ya kwanza ni wajibu. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amkinge dhidi ya maumivu, majeraha na magonjwa, na mbwa hakuachwa nje ya sheria hiyo. Ya pili ni afya ya kaya yenyewe. Mbwa hupita peku palepale wanapopita watoto wetu, nao wakiwa peku. Kinachoingia katika nyayo za mbwa leo, kesho huweza kuingia katika miguu ya mtoto. Anayekagua miguu ya mbwa wake kila wiki anaulinda pia uwanja wanaochezea wanawe.

MAUMBILE YA WAYO

Kabla ya kutibu kitu yafaa kukifahamu. Mbwa hutembea kwa vidole vyake. Kila mguu una vidole vinne vinavyogusa ardhi, na chini ya kila kidole kuna nyama nene yenye ngozi ngumu, mithili ya mto mdogo. Nyuma ya hivyo vinne kuna mto mkubwa zaidi. Tutaviita vitakia. Kazi yake ni kupunguza kishindo, kuzuia mguu usiteleze, na kutoa jasho, kwa maana mbwa hatoi jasho mwili mzima kama binadamu bali hutoa kiasi kidogo kupitia nyayo zake, na joto jingine hulipunguza kwa kuhema.

Katika miguu ya mbele, juu kidogo upande wa ndani, huwa pia na ukucha wa pembeni usiogusa ardhi. Mbwa wengine wanao hata miguu ya nyuma. Ukucha huu ndio unaosahauliwa kuliko zote. Kwa kuwa hausuguliwi na kitu, huendelea kukua na kujikunja mpaka ukarudi na kuchoma nyama ya mbwa mwenyewe.

Ndani ya kila ukucha mna nyama hai yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Sehemu ya mbele ya ukucha haina uhai, na ikikatwa mbwa hasikii chochote. Ukikata mpaka kwenye nyama hai, mbwa ataumia na kutoka damu, na siku nyingine hatakubali kukupa mguu wake.

UKAGUZI WA KILA WIKI

Chagua siku moja katika wiki, kwa mfano Jumapili jioni jua linapopungua ukali. Kazi hii ifanywe na mtu mzima ambaye mbwa humjua na kumheshimu, wala asiachiwe mtoto. Mbwa awe ametulia na ameshakula. Anza kwa kumpapasa shingo na mabega, kisha shuka taratibu mpaka kwenye mguu. Ukiweza kuanza akiwa mtoto wa miezi miwili au mitatu, kwa kumshika vidole kidogo kila siku na kumpa kipande cha dagaa akitulia, hutapata taabu atakapokuwa mkubwa.

Inua mguu mmoja baada ya mwingine. Tazama vitakia, halafu tenganisha vidole na utazame katikati yake, juu na chini. Unatafuta vitu hivi: mpasuko, uvimbe, miiba, kupe, uwekundu, unyevu wenye harufu mbaya, na vidoadoa vyeupe vyenye nukta nyeusi katikati. Mwisho tazama kila ukucha, pamoja na ule wa pembeni. Kisha osha miguu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida, suuza vizuri, na ukaushe kwa kitambaa mpaka katikati ya vidole. Kukausha ni sehemu ya tiba, kwa sababu unyevu unaobaki humo ndio unaolea ukungu na vidonda.

Kazi yote haizidi dakika kumi.

MAWE, MWALO NA MBIGILI

Kila mahali pana adui wake wa nyayo. Mwanza inajulikana kwa miamba yake, na mbwa wa vilima vya Mabatini na Igogo hushinda juu ya mawe hayo. Mawe yana faida moja, nayo ni kwamba huzisugua kucha na kuzifupisha. Lakini saa za mchana wa kiangazi, mwamba na lami hupata joto la kuweza kuunguza vitakia. Kipimo chake ni rahisi. Weka nyuma ya kiganja chako juu ya jiwe na uhesabu polepole hadi saba. Ukishindwa kustahimili, ujue mbwa naye anaungua. Mwenye kumfunga mbwa mnyororo mchana afanye hivyo kivulini, penye udongo au nyasi, na maji ya kunywa yawepo. Vitakia vikishaungua na kubabuka, vimwagie maji baridi ya kawaida kwa dakika kumi au zaidi, usipasue malengelenge, na mpumzishe mbwa mpaka ngozi mpya iote.

Huko mwaloni adui ni wa namna nyingine. Miiba ya mapezi ya sangara na sato, vipande vya chupa, na hasa ndoano zilizotupwa pamoja na nyuzi zake, humsubiri mbwa anayetafuta masalio ya samaki. Ndoano ina kigumba, na kigumba kimetengenezwa ili kisirudi nyuma. Anayevuta ndoano kwa nguvu huichana nyama. Kata uzi, mzuie mbwa asiitafune, na umfikishe kwa mtaalamu wa mifugo ambaye atamchoma sindano ya kupunguza maumivu, ausukume mbele mpaka ncha itokeze, akate kigumba kwa koleo, kisha airudishe ndoano bila kuchana. Na ukiona uzi wa ndoano unatokea mdomoni mwa mbwa, usiuvute kabisa, kwani huenda ndoano imo tumboni. Wavuvi wetu wangesaidia sana wakiwa na kopo la kutupia ndoano kuukuu.

Kwa wanaoishi kuelekea Misungwi, Magu na Kwimba, wapo mbigili na udongo mweusi wa mbuga. Udongo huo ukilowa hunata katikati ya vidole, na ukikauka huwa mgumu kama kokoto na kuchubua ngozi. Usiung'oe kwa nguvu. Loweka mguu katika maji ya uvuguvugu mpaka udongo ulainike, ndipo uuondoe. Mwiba wa mbigili hutolewa kwa kibano, kwa kuuvuta kufuata njia ulikoingilia.

Kwa mchubuko mdogo inatosha maji ya chumvi, yaani kijiko kimoja kidogo cha chumvi katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Osha mara mbili kwa siku. Tunawasihi wasomaji waache kabisa desturi ya kupaka mafuta ya taa, maji ya betri au oili chafu ya gari. Vitu hivyo huunguza ngozi, na kwa kuwa mbwa hulamba mguu wake, sumu hiyo huishia tumboni.

KUKATA KUCHA

Utajuaje kwamba kucha zimezidi urefu? Mbwa akitembea juu ya sakafu ya saruji na ukasikia kucha zikigonga, au akisimama na kucha zikawa zinakandamiza ardhi, basi zimezidi. Kucha ndefu huvisukuma vidole juu na kuharibu mwendo wa mbwa, na mwishowe maungo humuuma. Aidha, ukucha mrefu hukwama kwenye wavu au sakafu ya mbao ukang'oka.

Tumia mkasi wa kukatia kucha za mbwa ukiupata. Ukiukosa, kifaa cha kukatia kucha za binadamu huwafaa watoto wa mbwa tu. Kwa mbwa mkubwa tumia tupa ndogo safi, ukisugua taratibu kwa kuelekea mwisho wa ukucha. Tupa inachukua muda, lakini si rahisi ikuletee ajali. Usitumie kisu wala panga.

Kama kucha ni nyeupe, utaiona nyama hai kwa ndani ikiwa na rangi ya waridi. Kata ukiacha nafasi ya milimita mbili hivi mbele yake. Kama kucha ni nyeusi, kama zilivyo za mbwa wetu wengi, kata vipande vyembamba kimoja kimoja na kila mara utazame pale ulipokata. Mwanzoni pataonekana pakavu. Ukiona katikati pametokea kiduara laini chenye rangi tofauti, simama hapo hapo, kwani umekaribia nyama hai. Ni afadhali kukata kidogo kila wiki kuliko kukata sana mara moja. Jambo la kufurahisha ni kwamba ukipunguza kidogo kidogo, nyama hai nayo hurudi nyuma taratibu, hata kucha zilizokuwa ndefu mno zikarejea katika urefu wake.

Ikitokea damu, usiogope wala usimfokee mbwa. Chovya ukucha katika unga mkavu wa ngano au wa mahindi, au uusugue kwenye kipande cha sabuni kavu, kisha kandamiza kwa kitambaa safi kwa dakika tano bila kufunuafunua. Damu isipokatika baada ya robo saa, tafuta mtaalamu.

TEKENYA, MGENI WA SIKU NYINGI

Sasa tufike kwenye adui mkubwa kuliko wote, tekenya, ambaye wengine humwita funza wa miguuni. Wengi hudhani mdudu huyu ni mwenyeji wa Afrika tangu kale. Sivyo. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka 1872 meli iliyotoka Brazil ilifika Ambriz, katika pwani ya Angola, ikiwa na mchanga uliokuwa na tekenya. Kutoka hapo mdudu huyo alisafiri ndani ya miguu ya wapagazi, askari na wafanyabiashara, akalivuka bara zima. Katika miaka ya 1890 alikwisha kufika kwenye ufuko wa Ziwa Victoria, na kabla ya karne ile kumalizika alikuwa Zanzibar.

Tekenya jike ana urefu wa milimita moja tu. Hupenya ngozini, akabaki amechomoza sehemu ya nyuma ambayo ndiyo ile nukta nyeusi. Kwa muda wa siku kumi hivi huvimba mpaka akawa kama punje ya choroko au zaidi, huku akidondosha mamia ya mayai ardhini. Mayai huanguliwa baada ya siku tatu au nne, na viluwiluwi hukulia katika vumbi na mchanga mkavu, kwenye sakafu ya udongo na mahali anapolala mbwa. Ndiyo maana hushamiri zaidi wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Septemba.

Mdudu huyu habagui. Utafiti uliofanyika Bugiri, kusini mashariki mwa Uganda, ulionyesha kwamba nguruwe, mbwa na mbuzi huwa na tekenya walewale wanaowasumbua watu. Kwa hiyo mama anayemtoa mwanawe tekenya kila jioni, huku mbwa amelala mlangoni na nyayo zimejaa tekenya, anachota maji kwa pakacha.

Tekenya wakiwa mmoja au wawili, osha mguu wa mbwa kwa sabuni, chukua pini iliyochemshwa, panua kitundu kuzunguka ile nukta nyeusi, na umtoe mdudu mzima bila kumpasua. Mtie motoni, kisha safisha kidonda. Pini hiyo isitumike kwa mtu, na iliyotumika kwa mtu mmoja isitumike kwa mwingine, kwa maana kuchangia pini huweza kueneza virusi vya ukimwi na homa ya ini, na kidonda cha tekenya ni njia pia ya pepopunda. Wakiwa wengi, usimtoboe mbwa. Mpeleke kwa mtaalamu apewe dawa ya kuua viroboto iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa na kupimwa kulingana na uzito wake. Dawa ya kuogeshea ng'ombe isipakwe kwa kubahatisha, kwani imewahi kuua mbwa wengi waliokusudiwa kuponywa.

Hata hivyo, tiba bila usafi ni kazi bure. Fagia sakafu na uwanja kila siku, nyunyiza maji kutuliza vumbi, na mwenye uwezo asakafie kwa saruji au walau akandike kwa udongo ulioshikana. Gunia analolalia mbwa liloweshwe maji ya moto na kuanikwa juani kila wiki. Nguruwe wafungiwe bandani. Watoto wavae viatu na waoshe miguu kwa sabuni kabla ya kulala. Familia nyingi za Kiislamu zinazofuga mbwa kwa ulinzi zina desturi ya kumtengea mahali pake nje na vyombo vyake mwenyewe. Desturi hiyo inaifaa kila kaya.

Usafi huohuo huzuia minyoo ya safura ya mbwa, ambayo viluwiluwi vyake hukaa katika mchanga wenye unyevu wenye kinyesi cha mbwa. Hupenya ngozi ya nyayo za mbwa, na mtoto akiukanyaga mchanga huo huota mstari mwekundu unaowasha na kujipindapinda chini ya ngozi. Kinyesi kizolewe na kufukiwa, na mbwa apewe dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu.

USIUMWE UKIMTIBU

Mbwa mpole huweza kumng'ata hata bwana wake anapoguswa penye maumivu. Kabla ya kushika mguu wenye kidonda, chukua kitambaa kirefu laini, kizungushe mdomoni, funga fundo chini ya kidevu, kisha kamilisha kwa kukifunga nyuma ya masikio. Kitambaa kisikae muda mrefu, na asifungwe mbwa anayehema sana au kutapika.

Mbwa aliyebadilika tabia ghafla usimshike kabisa. Anayetokwa mate, anayeshambulia bila sababu, anayeyumba, au aliyekuwa mkali akawa mpole mno, huenda ana kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu dalili zake zikishatokea kwa binadamu hauna tiba, na hukadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kwa mwaka duniani, karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Ukiumwa au kuparuzwa, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaulizie chanjo. Usisubiri kuona kama mbwa atakufa. Mbwa naye apewe chanjo akifikisha miezi mitatu, na baadaye kila mwaka.

Lipo jambo moja zaidi ambalo nyayo hutuambia. Vitakia vikiwa vigumu na vinene kuliko kawaida, huku mbwa akiwa na homa, makamasi, tongotongo au kutetemeka, huenda ana ugonjwa wa virusi uitwao distempa. Ugonjwa huu hauambukizi binadamu, lakini si wa kudharauliwa. Mwaka 1994 uliua simba wapatao 1,000 wa Serengeti, theluthi moja ya simba wote wa huko, na wataalamu walielekeza kidole kwa mbwa wa vijijini wasiochanjwa. Chanjo yake ipo. Mwulize Afisa Mifugo wa kata yako.

Mwone pia mtaalamu huyo mbwa anapochechemea zaidi ya siku mbili, mguu unapovimba au kunuka, ukucha unapong'oka, au anapokataa chakula. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi, ndugu msomaji, jioni ya leo chukua beseni, sabuni, kitambaa na taa ya kumulikia. Mwite mbwa wako kwa jina lake, uinue mguu wake wa kwanza, na utazame katikati ya vidole. Ukimaliza wa nne, waite na watoto uwatazame miguu yao.